Kiinua Mgongo na Gari la Kuinamia

Kabla injini yake haijawaka, gari langu hutanguliza salamu. Nikizungusha ufunguo hatua moja tu, pampu ya petroli iliyofichwa chini ya sakafu, nyuma ya viti, huanza kugonga tik-tik-tik kwa haraka kama mgeni anayebisha hodi akiwa na habari nzito, kisha hupunguza mwendo kidogo kidogo hadi ikanyamaza, na ukimya huo ndio unaoniarifu kwamba vikombe vya kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa, vimejaa na kwamba sasa ninaweza kuvuta choki na kupiga stata. Mlio huo niliusikia kwa mara ya mwisho mwaka 1993, siku nilipomkabidhi ufunguo mnunuzi wa gari langu la kwanza. Nimekuja kuusikia tena nikiwa na miaka 61, mstaafu, nimesimama uani kwetu Tudor nimevaa kikoi, na sioni haya kukiri kwamba siku ya kwanza nilizima na kuwasha ufunguo mara tatu ili niusikilize, ingawa mara ya pili na ya tatu pampu haikuwa na la kusema kwa kuwa vikombe vilikuwa vimekwisha kujaa.

Gari lenyewe ni MGB, gari dogo la wazi la Kiingereza lenye viti viwili na paa la turubai. Kiwanda chake kilikuwa Abingdon, mji mdogo ulio kusini mwa Oxford, nacho kiliyatengeneza magari hayo tangu 1962 hadi kilipofungwa Oktoba 1980. Ukijumlisha yale ya wazi na yale ya paa la chuma yaliyoanza kuuzwa 1965, idadi yake inapita 500,000. Herufi MG zilitokana na Morris Garages, gereji ya Oxford ambayo meneja wake, Cecil Kimber, alianza katika miaka ya 1920 kuyavalisha magari ya kawaida ya Morris bodi za kimichezo. Langu ni la 1969. Urefu wake haufiki mita 4, uzito wake haufiki tani moja, injini yake ni ya silinda nne na cc 1,798, na lilipokuwa jipya lilikuwa na nguvu za farasi 95 hivi na kasi ya juu iliyopita kidogo kilomita 160 kwa saa, kasi ambayo leo haimshtui hata dereva wa Probox ya kubebea miraa. Basi anayedhani kwamba mzee amenunua gari la mbio ili ajikumbushe ujana amekosea kuanzia mwanzo. Mbio zake ni za masikioni na za makalioni: umekaa chini sana, upepo unakupiga, na kilomita 60 kwa saa zinakuwa safari.

La kwanza nililinunua mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya kuajiriwa kwenye karakana ya bandarini, kutoka kwa Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao na hakutaka kuhangaika nalo melini. Lilikuwa la 1965, nalo lilikuwa na tabia mbili ambazo hakuna aliyenitahadharisha. Ya kwanza ni kwamba gia namba moja haikuingia gari likiwa katika mwendo, mpaka ulisimamishe kabisa au ukanyage klachi mara mbili na kuikanyagia injini mafuta katikati. Ya pili ni kwamba katika magari hayo ya kabla ya mwisho wa 1967, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari karibu yote tunayoyajua, kwa hiyo redio ya kaseti niliyoinunua kwa mshahara wa mwezi mzima iliimba kwa muda wa kupepesa jicho, ikatoa moshi, na ikawa imekwisha. Nilijifunza kusoma michoro ya umeme jioni ile ile.

Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa mchumba, alipanda gari hilo mara moja akaapa hatapanda tena. Tulikuwa juu ya Daraja la Nyali, upepo wa kusi unatoka baharini, na leso yake mpya iliondoka mabegani, ikapanda angani, ikapepea kwa madaha yote kuelekea mkondo wa Tudor. Hadi leo, kukitokea ubishi wowote baina yetu, hata uwe wa chumvi ya mchuzi, leso hiyo huja kutoa ushahidi.

Gari lile sikulitunza. Nasema hivi waziwazi kwa sababu ndiyo habari yote ya maandishi haya. Nilikuwa kijana mwenye zamu za usiku, kisha mume, kisha baba wa watoto watatu, nalo lilikaa nje chini ya mwarobaini likinyeshewa na masika na kulambwa na hewa ya chumvi usiku kucha, na mimi nikidhani kwamba gari huharibika linapoendeshwa tu. Baada ya miaka saba niliweza kuiona lami kupitia sakafuni. Niliuza kwa bei ya injini, fedha zikaenda kwenye matibabu ya marehemu baba na karo, na sikuwa na muda hata wa kusikitika.

Nilipostaafu nikalipwa kiinua mgongo, wenzangu walinunua mashamba ya Kikambala, wengine wakajenga vyumba vya kupangisha, na mmoja alifungua duka la saruji ambalo kwa kweli linakwenda vizuri. Mimi nilimwambia mke wangu kwamba sehemu ndogo ya fedha zile nataka kununua MGB nyingine. Alinyamaza muda mrefu, akamaliza kupeta mchele wake, kisha akasema: "Bwana, wenzio wanunua mbuzi wazae, wewe wanunua kutu izae." Kwa kuwa alikuwa na haki, sikumjibu. Aliongeza kwamba kiinua mgongo kimepewa jina hilo ili mgongo uinuke, naye anavyoyakumbuka magari yale, mtu huyaendesha na kuyatengeneza akiwa ameinama. Hapo pia alikuwa na haki.

Kutafuta gari kulinichukua miezi minane. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, hivyo niliamua kutafuta lililomo nchini tayari, na nikajiwekea sharti moja ambalo namshauri kila mtu wa pwani alishike: gari la zamani usilinunue pwani. Chuma kilichokaa Mombasa miaka hamsini kimekwisha kusimuliwa. Nililipata kwenye shamba moja ng'ambo ya Nakuru, ndani ya banda la mahindi, limefunikwa gunia, panya wamezaa ndani ya viti, lakini hewa ya huko ni kavu na ya juu, na kutu yake ilikuwa ya usoni tu kwa sehemu kubwa. Nilikwenda na sumaku ndogo niliyoizungushia kitambaa, nikaipitisha polepole juu ya bodi nzima. Mahali inaposhika ni chuma, mahali inapoteleza ni fila iliyopakwa juu ya tundu. Kisha nilimwomba mwenye gari aniruhusu kuliinua kwa jeki upande mmoja, karibu na mlango. Hicho ndicho kipimo chenyewe cha MGB ya wazi. Likiinuliwa na uwazi kati ya mlango na bodi ukabanwa, au mlango ukakataa kufunguka, ujue uti wa mgongo umeoza, na hapo mshukuru mwenyeji kwa chai uondoke. Mlango wa kulia ulibanwa kidogo sana, wa kushoto haukubanwa. Nilinunua.

Sikuwa mpumbavu wa kuliendesha kutoka Nakuru. Gari lililolala miaka mingi lina breki za maandishi tu: mipira ya ndani imekauka, mabomba yamevimba, na tairi zinaonekana nzuri kwa sababu hazijawahi kuulizwa swali. Nilikaa huko siku tisa kwa jamaa, nikabadilisha mipira na mabomba yote ya breki, tairi, na mafuta ya kila mahali, kisha nikalipakia kwenye lori lililokuwa likirudi pwani tupu. Lakini tulipofika Mariakani, moyo ulinishinda. Nilimwomba dereva anishushie gari pale, kilomita kama 35 kabla ya mjini, ili niingie nalo Mombasa kwa heshima yake.

Tuliteremka Mazeras katikati ya malori ya makontena, nikiyatazama magurudumu yake yakizunguka usawa wa uso wangu. Tulipofika Miritini pampu ilinyamaza, lakini huo haukuwa ukimya wa kushiba bali wa kususia. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Kijana wa bodaboda alisimama kunipa pole, akashuhudia mzee mwenye kofia ya kiua akilala chali pembezoni mwa barabara ya Nairobi na kuigonga pampu kwa mpini wa spana, mara tatu, taratibu. Tik-tik-tik. Sababu yake si uchawi: ndani ya pampu za aina hiyo mna pointi ndogo zinazofungua na kufunga umeme, na zikikaa muda mrefu bila kazi huota uchafu usiopitisha umeme, na mshtuko mdogo huzifanya ziguse tena. Baadaye nilizisafisha kwa msasa laini na hazijasusia tena. Yule kijana alinisindikiza mbele yangu hadi daraja la Makupa akipiga honi kana kwamba nimeoa.

Sasa nije kwenye chumvi, kwa sababu ndiyo mshirika wangu wa kila siku. MGB haina fremu ya chini kama lori au magari ya kale zaidi. Bodi yenyewe ndiyo fremu, na katika gari lisilo na paa la chuma, nguvu karibu yote inabebwa na vile vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Kila kizingiti ni boksi lililoundwa kwa mabati kadhaa yaliyopangwa, kuna la nje, la ndani, na moja la katikati linaloligawa boksi wima, na maji yanayoingia humo kutoka nyuma ya magurudumu ya mbele hayana pa kutokea ila vitundu vidogo chini. Matope yakiziba vitundu hivyo, umejenga birika la maji ya chumvi. Huku kwetu huhitaji hata mvua. Ukiegesha jioni moja Mama Ngina ukila mihogo na kuitazama meli inayoingia mlangoni, kesho yake ukipitisha kidole juu ya boneti na kukilamba utaonja bahari.

Kwa hiyo nina desturi. Gari likitoka karibu na bahari, siku hiyo hiyo nalimwagia maji baridi ya bomba, chini zaidi kuliko juu, na kila Jumamosi nalala juu ya mkeka na kuvizibua vitundu vyote kwa uchelewa wa fagio la mnazi, ambao nimeuona bora kuliko waya wowote: ni mgumu wa kutosha kusukuma tope, mwororo wa kutosha kutokwaruza rangi, na nao hauoti kutu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, nanyunyiza nta ndani ya vizingiti na ndani ya milango hadi ichuruzike nje. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na anga kavu kidogo, ndipo ninapofanya kazi za rangi. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ngumu au ya gharama. Ni kazi ya muda tu, na muda ndio niliokuwa sina mwaka 1986.

Kizingiti cha kulia kilihitaji kubadilishwa, na hapo nusura nilipoteze gari. Fundi wa bodi niliyempelekea ni hodari, amechomelea mabasi mengi, naye alikwisha washa mashine ili akate vizingiti vyote viwili kwa mpigo, jambo ambalo kwa basi halina neno. Ukifanya hivyo kwa MGB ya wazi, gari hukunjika katikati kama ndizi, na ukishachomelea vizingiti vipya juu ya umbo lililopinda, milango haitafungwa tena maisha. Nilimsihi asubiri. Tulichomelea kwanza vyuma vya kushikilia ndani ya nafasi za milango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, tukaliweka gari juu ya vigingi lilale sawa kwa pima maji, kisha tukakata upande mmoja tu, tukamaliza, tukapima mlango, ndipo tukapumua. Alinitazama akaniuliza, "Mzee, wewe ulikuwa fundi bodi?" Nikamwambia nilikuwa wa winchi na kreni, lakini chuma ni chuma, na mzigo lazima ushikiliwe na kitu kabla hujaondoa kinachoushikilia.

Jambo la kuwatia moyo wenye ugonjwa kama wangu ni kwamba spea za gari hili zinapatikana kwa urahisi usiotarajiwa. Huko Uingereza bado vinatengenezwa karibu vyote, hadi bodi nzima: tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage hutoa bodi mpya za MGB kwa kutumia vifaa vile vile vya kukandamizia mabati vilivyotumika zamani. Nimeagiza huko mipira, gasketi na vitu vya kabureta, nikalipa ushuru wake, nikanyamaza. Vingine nimevipata hapa hapa. Rejeta ilifumwa upya na fundi wa Shimanzi, bushi za shaba zilikerezwa kwa mashine, viti vilishonwa na mshona makochi, na paa la turubai limeshonwa na mzee anayeshona matanga na maturubai ya malori, ambaye alinicheka kwanza kwa udogo wa kazi, kisha akatumia wiki mbili kwa sababu mikunjo yake ilimkatalia.

Kazi nzito zaidi haikuwa spea bali spana. Mafundi vijana wa mji huu wamelelewa na magari ya Kijapani, na masanduku yao yana spana za milimita peke yake. MGB imefungwa kwa nati za inchi. Sasa nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na spana namba 13 huivaa, ikiwa na nafasi ndogo ambayo fundi asiyejua haihisi. Akivuta kwa nguvu mara mbili, pembe za nati zimeliwa, na nati imekuwa duara kama shilingi. Kijana anayenisaidia kazi za kunyanyua alifanya hivyo wiki ya kwanza. Sikumgombeza, kwa sababu mimi nilifanya vile vile mwaka 1986, na bandarini nikagombezwa kwa niaba ya vizazi vyote. Niliitoa spana yangu ya nusu inchi, nikamwambia aivalishe kwenye nati nyingine na aitikise. Haikucheza. Uso wake ulibadilika, na tangu hapo huuliza kwanza.

Kabureta ni hadithi ya namna nyingine. Ziko mbili, aina ya SU, kila moja ikilisha silinda mbili, na kama hazivuti hewa kwa kiasi kimoja, injini hutembea kama mtu aliyevaa ndara moja. Kuzisawazisha hakuhitaji kompyuta. Unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaiweka sikioni, nyingine unaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, unasikiliza mvumo wa hewa, unahamia ya pili, unageuza skrubu hadi mivumo miwili ifanane. Kisha unarekebisha mchanganyiko kwa nati ya pembe sita iliyo chini, ukiigeuza pembe moja moja, na hatimaye unatia mafuta mepesi kwenye kikombe cha juu ili pistoni isipande kwa pupa. Ndivyo nilivyofanya ujanani kwa dakika ishirini. Safari hii nilihangaika asubuhi nzima, mivumo ikifanana kabisa sikioni mwangu huku injini ikiendelea kuchechemea, mpaka nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa kabureta. Miaka ya makelele ya karakana imechukua sehemu ya masikio yangu, na inaelekea imechukua hasa ile sehemu inayosikia hewa.

Basi sasa anayesikiliza ni mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja. Yeye hushika mpira, hufumba macho, huniambia, "Babu, hii ya mbele yapiga mluzi zaidi," nami hugeuza skrubu. Amekuwa mkali kuniliko, na hulipwa kwa kuketishwa kiti cha abiria hadi Saba Saba na kurudi.

Petroli nayo imebadilika tangu nilipoachana na gari la kwanza. Wakati ule petroli yetu ilitiwa risasi, na risasi hiyo, pamoja na madhara yake kwa watoto na kwa hewa, ilikuwa ikizikinga kingo ambazo valvu za moshi hukalia. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi ifikapo mwanzo wa 2006, na tukafanya vyema. Lakini injini ya 1969 iliyotengenezwa kwa kuitegemea huanza kujila: valvu hupigapiga kiti cha chuma laini na kuzama ndani ya silinda hedi, na dalili yake ni kwamba ule uwazi wa valvu, yaani nafasi ndogo iliyo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ambao ni sehemu 15 katika 1,000 za inchi, unazidi kupungua kila unapoupima. Wengi hudhani kwamba injini ikinyamaza kelele za valvu ni nzuri. Katika gari hili, injini inayozidi kuwa kimya yakupasa uiogope. Niliifungua hedi mara moja tu, nikaipeleka kukerezwa na kupachikwa viti vigumu vya valvu za moshi, na jambo hilo limekwisha.

Joto halijaisha. Katika injini hii bomba la moshi na kabureta ziko upande mmoja, moja chini ya nyingine, na bati jembamba tu linazitenga. Ukiwa barabarani upepo hupooza. Ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana, umezimika kati ya trela la saruji na matatu, petroli huchemka ndani ya vikombe, na zamu yako ya kuingia ikifika gari halitaki kuwaka, huku mji mzima nyuma yako ukipiga honi. Nimeweka feni ya umeme, nimefunga thamostati inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta kwa nyuzi 74, inayopendekezwa kwa nchi za joto, badala ya ile ya 82, na zaidi ya yote nimebadilisha saa zangu. Mstaafu halazimiki kuvuka saa saba.

Feri ina jambo jingine ambalo aliyezoea gari refu kwenda juu hatalitambua. Maji yakipwa sana, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na gari lililo karibu na ardhi namna hii hukwangua bomba la moshi kwa sauti ambayo huisikia kwenye meno. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Kwa hiyo, kabla ya kwenda ng'ambo, mimi hufungua jedwali la maji, kama nilivyofanya kila siku nilipokuwa kazini, nikachagua maji mafu au saa ya maji kujaa. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, na jirani yangu ameniuliza kwa nini nisiitumie tu na kuachana na feri. Huitumia nikiwa na haraka. Lakini kupangia gari safari kwa kuutazama mwezi ni raha ambayo singependa kuieleza sana, nisije nikaonekana nimechanganyikiwa.

Mwili una madai yake. Kuingia ndani ya MGB kwa goti langu la kulia ni utaratibu wa hatua nne, na kutoka ni wa hatua sita, ya mwisho ikiwa kumwita mtu. Usukani hauna msaada wowote, na kugeuza gari likiwa limesimama ni kazi ya kupakia magunia. Daktari aliyenitazama goti aliniambia nikae kwenye kiti kirefu na niepuke kulala sakafuni. Nilimshukuru, nikanunua mkeka mnene zaidi.

Barabarani watu hucheka, na sichukii. Madereva wa tuk-tuk hunitazama kutoka juu, jambo ambalo bila shaka hawajawahi kulipata kwa gari lingine lolote. Juzi pale Mwembe Tayari kijana mmoja aliiona nembo ya pembe nane, akafungua simu yake, akaniuliza kwa heshima, "Mzee, shikamoo, hii si ile ya Kichina?" Nilikuwa tayari kuanza hotuba, nikakumbuka kwamba ana haki: jina la MG leo ni mali ya kampuni ya SAIC ya China, inayouza kwa jina hilo hata magari ya umeme. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni hiyo, ila hii yangu ni babu yake mzaa baba. Akaipigapiga boneti kama anayempa pole mgonjwa.

Kizingiti cha kushoto bado. Nilipolinunua kilikuwa kizima, lakini masika yaliyopita nilipochokonoa kitundu cha nyuma, uchelewa ulirudi na unga mwekundu, na mlango wa upande huo umeanza kuwa mgumu ninapoliinua kwa jeki. Bati nimekwisha kununua, vyuma vya kushikilia milango nimevihifadhi tangu mara ile, na nimemwambia fundi wa bodi anisubiri Januari, kaskazi ikishika. Kijana wangu wa kunyanyua alikuja jana jioni akiwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Amejinunulia seti ya spana za inchi, za mtumba, mbili zimekosekana, na mojawapo ya hizo mbili ni ya nusu inchi. Nimemwazima yangu.